Kiti cha Mbwana na Unyoya wa Karani

Sogeeni karibu, na kama kuna mwenye paka hapa amshike vizuri, maana kisa hiki kinamhusu. Kazi yangu ni kusimulia, yenu ni kuamua. Nikimaliza sitaki kusikia mtu akisema alikuwa anasinzia.

Palikuwa na mjane huko Tanga, mtaa wa Makorora, akiitwa Mwanakombo. Mumewe, Mbwana, alifariki akamwachia nyumba ya vyumba vinne, kiti kimoja cha uvivu chenye mikono mirefu ya mbao, na paka mweusi aitwaye Karani. Jina hilo alilipata kwa sababu kila Mbwana alipotandaza gazeti, paka alikuja kulikalia kana kwamba ana saini ya kutia. Mbwana alipougua miezi mitano, Karani alilala miguuni pake miezi mitano. Ndugu wengi walikuja kumtazama mgonjwa, wakakaa robo saa, wakaaga.

Ndani ya nyumba ile waliishi watu wengine watatu, na kila mmoja alikuwa na chake alichojaliwa.

Wa kwanza ni Hadia, binti wa Mwanakombo, mwenye mimba ya miezi saba, aliyekuja kwa mama yake kujifungua mtoto wa kwanza. Yeye alikuwa na pua. Tangu ashike mimba, jirani wa nyumba ya tatu akiunguza kitunguu, Hadia alijua, na akajua pia kwamba sufuria haikuoshwa jana.

Wa pili ni Bi Mgeni, wifi yake Mwanakombo, dada wa marehemu. Yeye alikuwa na mikono. Alifanya kazi ya usafi wa wodi hadi alipostaafu, na shuka alilofua Bi Mgeni mtu aliona haya kulilalia kabla ya kuoga.

Wa tatu ni Mzee Semkiwa, mpangaji wa chumba cha uani, aliyekuwa karani wa stesheni ya reli miaka thelathini na moja. Yeye alikuwa na kichwa. Kila alasiri alizoea kukaa kwenye kigoda kando ya kiti cha Mbwana, wakibishana kuhusu treni zilizochelewa enzi hizo, na Mbwana alipofariki kigoda kilibaki palepale.

Sasa, siku Mwanakombo alipotoka eda, alikuja shemeji yake Shekue, kaka mkubwa wa marehemu. Alitandikiwa mswala sebuleni aswali. Akaenda sijda, na akainuka upesi kuliko alivyoshuka.

"Shemeji," alisema, ameziba pua, "hapa pamekojolewa."

Bi Mgeni akainama, akanusa. Kweli palikuwa pamekojolewa. Na si hivyo tu: kanzu nyeupe ya Shekue, kuanzia magotini, ilikuwa imejaa manyoya meusi.

"Paka huyu anaondoka," Shekue akasema. "Na kiti cha ndugu yangu nitakichukua, kisije kikapata yaliyoupata mswala."

Mwanakombo alimtazama. Katika miezi minne na siku kumi za eda, akiwa ndani kimya, alisikia Shekue akichagua rangi ya mlango wake. Alisikia Shekue akibadilisha kufuli ya stoo yake. Leo ni paka na kiti. Aliona wazi kwamba baada ya kiti atafuata yeye mwenyewe, atatafutiwa chumba kwa ndugu fulani na kuambiwa ashukuru. Hasira ikampanda hadi masikio yakamuwaka, na wala hakuificha.

"Paka hatoki, shemeji."

"Nyumba inanuka!"

"Nyumba itasafishwa. Paka hatoki."

Shekue akacheka. Alikuwa mtu wa mashahidi, basi akapaza sauti ili wote wasikie. "Haya, nakupa mwezi. Alhamisi ya mwezi ujao nitakuja na kanzu mpya. Nitakaa kila kiti, nitaswali kila chumba. Nikitoka na unyoya mmoja tu, au nikinusa mkojo, paka anaingia kapuni na kiti kinapanda mkokoteni."

"Na usipopata?"

"Nisipopata, sitatia tena neno ndani ya nyumba hii. Rangi, kufuli, paka, chochote."

Alipokwenda zake, Mwanakombo akawageukia watu wake, hasira bado mbichi, akapiga mkono wa kiti, akasema kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. "Atakayenisaidia Karani abaki, kiti hiki cha Mbwana ni chake!"

Shikeni maneno hayo jinsi yalivyotoka. Hakusema "watakaonisaidia." Alisema "atakayenisaidia."

Wiki ya kwanza waliivamia kazi kama watu wanaozima moto. Walimwaga dawa kali ya kung'arishia nguo kwenye ile pembe ya sebule, wakasugua mpaka macho yakawatoka machozi. Kesho yake Karani alikwenda palepale, akanusa, akakojoa tena. Mwanakombo alikaa chini akashika kichwa.

Hapo ndipo pua ilipofanya kazi. Hadia alisimama mlangoni, akavuta hewa, akasema, "Mama, mnamwita wenyewe. Hii dawa yenu na mkojo wake vinafanana. Anadhani kuna paka mwingine kaja kumpokonya nyumba, naye anajibu." Akaagiza siki na maji. Muuguzi wa kliniki alikuwa amemwambia akae na paka bila hofu, ila mchanga anaojisaidia asiuguse kabisa akiwa mjamzito, kwa hiyo Hadia hakushika kitambaa wala ndoo. Aliketi kwenye kigoda na bakora ya marehemu baba yake, akaonyesha. "Hapo. Si hapo, shangazi, shibiri moja kulia." Alizifichua sehemu saba: nyuma ya kabati, ncha ya pazia, mguu wa benchi, na nyingine ambazo hakuna aliyezidhania. Kila palipopita siki, Karani hakurudi.

Mikono nayo ikafanya kazi. Harufu ilikuwa imekwisha, lakini manyoya yalikuwa bado yameng'ang'ania vitambaa, na fagio liliyarusha tu juu yakashuka tena. Bi Mgeni akachukua ndala kuukuu, akailowesha, akaivuta juu ya mto wa kochi. Manyoya yakajiviringisha yakawa kidonge, akakitupa. Alipitisha ndala ile kwenye mito, magodoro, na mazulia aliyoyabeba mwenyewe mpaka uani. Akapiga deki hadi chini ya vitanda. Kila asubuhi alimpakata Karani nje na kumchana kwa chanuo, na paka yule, ambaye angemparura mtu mwingine yeyote, alimtulia. Mwezi ulipofika katikati, Bi Mgeni hakuweza kunyoosha mgongo bila kushika ukuta.

Na Mzee Semkiwa? Siku tatu nzima alikaa na daftari, akimfuata paka kwa macho. Hakugusa fagio.

"Wewe mzee unaandika nini, sisi tunakufa na ndoo?" Bi Mgeni akamfokea.

"Bibie, unasafisha sebule saa mbili, Karani anaingia kulala saa mbili na nusu. Unaosha behewa wakati abiria wanapanda."

Siku ya nne alibandika karatasi kwenye mlango wa jiko, imepigwa mistari kwa rula. KARANI: kuondoka sebuleni saa moja kamili. Kufika uani saa moja na dakika tano, achanwe. Kurudi, kiti cha Mbwana, saa mbili na nusu. Shuka litandikwe kabla hajafika. Kuondoka saa nne na nusu. Shuka likung'utwe nje, sebule ipigwe deki. Mchanga wa beseni uzolewe asubuhi na jioni, naye mwenyewe akajiandikia kazi hiyo. Shuka na matandiko kufuliwa Jumatatu na Alhamisi. "Nimeshughulika na treni maisha yangu yote," alisema, "sijapata kuona kitu kinachoshika muda kama huyu paka." Tangu siku ile kazi ya kutwa ikawa ya saa mbili, na nyumba ikabaki safi ilivyosafishwa.

Alhamisi ikafika. Shekue alikuwa ameahidi saa kumi alasiri. Alibisha hodi saa tano asubuhi.

"Nimepita tu," alisema. Mkononi alikuwa na kapu lenye kifuniko, na nje mkokoteni ulikuwa unangoja. Kupita gani huko?

Mwanakombo akakimbiza macho kwenye ile karatasi ya mlangoni. Saa tano: Karani alikuwa uani juu ya tangi la maji, mashuka yameshatolewa, sakafu imeshakauka. Akafungua mlango wote. "Karibu, shemeji. Anza popote."

Shekue alikaa kochi la kwanza akajisugua kama ng'ombe kwenye mti. Akasimama, akageuka. Kanzu nyeupe. Akakaa la pili, akakaa kwenye benchi, akajilaza kwenye mkeka. Kanzu nyeupe. Akatandika mswala kwenye ileile pembe, akaenda sijda, na mara hii alikawia huko, akivuta pumzi ndefu. Halafu akapiga magoti akanusa nyuma ya kabati, ncha ya pazia, mguu wa benchi. Hadia akaziba mdomo asicheke. Mwisho Shekue alikaa kwenye kiti cha Mbwana, akaegemea, akakaa kwa muda mrefu kuliko kwingine kote. Alipoinuka, Bi Mgeni, dada yake, alimzunguka polepole.

"Hakuna kitu, kaka. Hata mmoja."

Mwanakombo akaliokota kapu, akampa mkononi. "Kapu lako, shemeji. Usilisahau, hapa hatuna cha kutia humo."

Alijisikia mrefu, nawaambia. Tangu Mbwana azikwe hakuwa amejisikia hivyo.

Lakini Shekue alisimama kizingitini. "Sawa. Paka abaki, na neno langu nimelifunga. Na lako? Uliahidi kiti kwa atakayekusaidia, mtaa mzima umesikia. Nitapita kesho baada ya swala ya Ijumaa. Nikimkuta aliyepewa amekikalia, nitampa mkono wa heri. Nikikuta kitupu, nitajua ahadi za nyumba hii hazina uzito, za kwako na za kwangu vilevile." Akaondoka na mkokoteni wake mtupu.

Mnaona mjane alivyotegewa? Mwanakombo akarudi ndani akawakuta watatu wamekizunguka kiti, na hakuna aliyekuwa akimtazama mwenzake.

"Mama," Hadia akasema, "nitamnyonyeshea wapi mwanangu? Nataka akue kwenye kiti cha babu yake. Na pasipo pua yangu mngekuwa mnamwita paka akojoe mpaka leo."

"Mimi ni mdogo wake Mbwana," akasema Bi Mgeni, ameshika kiuno. "Mgongo huu nimeuacha kwenye mazulia yenu. Pua haifui, na karatasi haifui."

Mzee Semkiwa alikohoa. "Kanzu ilikuja saa tano, si saa kumi. Nani aliyefanya nyumba iwe tayari saa tano? Miaka kumi na miwili nimekaa kwenye kigoda kando ya kiti hicho. Sikuwahi kukiomba. Leo nakiomba."

Kisha, kwa kuwa ni mtu wa haki, akaongeza, "Ungesema 'watakao,' Bibie, tusingefika hapa. Badilisha neno, tukikalie kwa zamu. Nitaandika ratiba."

"Sibadilishi," Mwanakombo akasema. "Shekue anangoja nibadilishe. Nikibadilisha hili, na yeye atabadilisha lake, kufuli itarudi, na kapu litarudi. Nilisema mmoja. Atakuwa mmoja."

Aliuweka mkono wake juu ya mkono wa kiti, pale mbao ilipolainika kwa kiganja cha Mbwana. Alimpenda kila mmoja wa wale watatu, na roho ilimuuma, lakini kichwa hakukiinamisha. Kesho Shekue akipita, atamkuta mtu kwenye kiti hicho.

Basi, hapo ndipo nilipofika, na hapo ndipo ninapowaachia. Wala msiniambie apewe paka. Karani analala hapo saa mbili na nusu hadi saa nne na nusu, ratiba inasema, na adhuhuri hayupo. Pua ilifichua, mikono ikaondoa, kichwa kikapanga, na ukimtoa mmoja wao paka yuko kapuni. Ijumaa ni kesho, Shekue ameshaipiga pasi kanzu yake. Wewe uliyekaa hapo unatabasamu: ungekuwa Mwanakombo, ungemwambia nani akae?