Sheikh Aliyeogopa Kupiga Kelele

Inasimuliwa kwamba katika mji mmoja wa Iraki palikuwa na mcha Mungu aitwaye Sheikh Wahb bin Zurara, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyesifika kwa kufundisha subira. Alijiwekea nadhiri ya kutotamka neno la maumivu mbele ya kiumbe, na wanafunzi wake waliitangaza nadhiri hiyo kila walikokwenda.

Siku moja mwiba ulimchoma juu kidogo ya goti. Akauchomoa, akasahau, kumbe uchafu umekwisha kuingia. Pakawasha, pakawa pekundu, pakavimba na kutoa joto, na jipu likaanza kujaa usaha. Hakusema. Goti likakataa kukunjika, akawa anaswali amekaa huku homa ikimtetemesha. Wanafunzi wakajazana chumbani kuitazama subira yake. Subira ya mwenzio haikuumi, basi waliitazama kwa raha zao.

Mkewe, Bi Umayma, alimwita Dirar, kinyozi wa mtaa aliyekuwa pia akipasua majipu. Dirar akaligusa kwa ncha ya kidole, likabonyea.

"Limeiva, Sheikh. Mwanzoni lilitaka kukandwa kwa maji ya moto, sasa linataka wembe. Usaha usipotolewa nje, sumu yake huingia mwilini."

Sheikh akatikisa kichwa. Alijua wembe ukimgusa atapiga kelele, na wanafunzi wapo.

Hali ikazidi. Alimwomba Mola wake shifaa asione jibu, hata moyo ukaingia giza, akadhani amefukuzwa kwenye mlango wa rehema. Hayo yalimuuma kuliko jipu. Bi Umayma alipomsikia akinong'ona kwamba Mungu amemwacha, alilia.

"Bwana wangu, Nabii Ayubu, amani iwe juu yake, alisema kwa ulimi wake kwamba madhara yamemgusa. Wewe hujasema hata hilo. Umeletewa mwenye wembe, umemrudisha. Mungu akujibu vipi tena?"

Maneno yakamwingia. Akawageukia wanafunzi.

"Wanangu, sikuwa nikisubiri. Nilikuwa nikiwaogopa nyinyi."

Wakatokwa na machozi. Mmoja akasema, "Subhanallah! Tazameni unyenyekevu wa Sheikh wetu!"

Sheikh akageukia ukutani, amekata tamaa kabisa: hata toba yake imegeuzwa sifa. Kisha akasema, "Dirar aitwe. Na mlango uachwe wazi."

Dirar akaupitisha wembe motoni, akapasua. Usaha ukabubujika, na Sheikh akapiga ukelele uliosikika hadi sokoni.

"Nakufa, mama yangu! Ewe Mola, naumia!"

Aliendelea kulia kama mtoto mdogo, kinyozi akikiosha kidonda kwa maji ya chumvi na kukijaza kitambaa safi. Wanafunzi wakatazamana, wakainuka mmoja mmoja, wakatoka.

Homa ilishuka na kidonda kikafunga. Lakini alikuwa amechelewa mno: goti lilibaki gumu, na hakusujudu tena mpaka alipofariki. Darasani walibaki wachache. Mara kwa mara alimuuliza Bi Umayma kama Mola ataipokea miaka yake ya ukimya, naye akawa anamkanda goti tu.

Ndugu zangu, mgonjwa kusema anaumwa si kumshitaki Mungu. Mwenye jipu na alionyeshe lingali dogo. Nasi tusiende kwa mgonjwa kutazama anavyovumilia. Twende tumuulize panapouma. Mwenyezi Mungu amsamehe Sheikh Wahb, na awasamehe zaidi wale waliotoka chumbani aliposema kweli.