Kuku Wanane wa Mama

Usufi ni ule wa kujazia mito. Hata ukishindilia kanda zima, ule mfuko wa ukindu, mtoto atalibeba huku akiruka kamba. Ndiyo maana wahenga wakasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kichwa kikiwa si chako, hata jiwe utaliona jepesi.

Mshonaji mmoja alikuwa akimuuguza mama yake, mwaka wa tatu sasa. Mama alipooza upande wa kushoto, na cherehani ikahamishiwa chumbani mwake ili binti ashone huku akimtazama. Alichoka mshonaji huyu. Alichoka hadi akawa anashona mkono wa gauni kwenye shingo, anafumua, kisha anaushona tena palepale.

Juu ya hayo palikuwa na kuku. Mama alifuga watano uani, lakini tangu augue hakuna aliyeokota mayai kwa wakati. Kila tetea aliatamia alipopenda, na sasa walikuwa kumi na watatu. Walilala jikoni na kuchafua vitambaa vya wateja. Mama hakutaka wauzwe wala wachinjwe.

"Wanane mpe mtu wa kufuga," alisema kwa ulimi wake mzito. "Watano niachie, niwasikie."

Dada mkubwa wa mshonaji, karani wa ofisi moja upande wa pili wa mji, alikuja Jumapili moja kwa mwezi na mfuko wa matunda. Mara tatu mdogo wake alikwisha kumwomba wagawane zamu za kumuuguza mama, na mara tatu alijibiwa kwamba mama ni mtu wa kulala tu, kazi iko wapi? Jumapili iliyofuata mdogo hakuomba zamu. Aliomba kuku wapate pa kwenda.

"Kuku nao wanakushinda, mdogo wangu?" dada alicheka. "Kiumbe anajitafutia chakula, jioni anaingia kulala mwenyewe. Nipe mimi."

"Wafungie siku tatu, dada, mpaka wapazoee."

"Usinifundishe kuku."

Akaondoka nao ndani ya boksi lililotobolewa matundu.

Siku ya tano alasiri boksi likarudi. Aliyelibeba alikuwa na mkwaruzo shavuni, na kandambili zake hazikufanana.

"Chukua kuku wako," alisema akiwa mlangoni. "Niliwafungulia siku ileile, wakatawanyika mtaa mzima. Kila jioni nawakimbiza kama mwehu, huyu juu ya paa la jirani, yule ndani ya gari la watu. Alfajiri jogoo ananiamsha. Barazani hapakanyagiki. Kazini nasinzia mbele ya bosi. Siku tano tu, mdogo wangu, nimekwisha."

Mshonaji hakucheka, ingawa kicheko kilikuwa haki yake. Hakuwa na nguvu za kucheka. Saa ya kumgeuza mama ilikuwa imefika.

"Tua boksi, unishikie miguu," alisema.

Dada akashika. Mama alikuwa amekonda, amebaki mifupa, lakini mwili usiojisaidia una uzito wake. Walimgeuza, wakamfuta mgongo, wakabadilisha shuka, wakamwegemeza kwa mto. Dada aliinuka ameshika kiuno, anahema.

"Unafanya hivi mara ngapi?"

"Kila baada ya saa mbili."

"Na usiku?"

"Usiku nao una saa, dada."

Dada akakaa kwenye kigoda cha cherehani. Alimtazama mdogo wake, machozi yakamtoka.

"Nilidhani unadeka," alisema.

"Najua."

"Kuanzia wiki hii, Ijumaa nitakuwa nakuja na nguo zangu. Mpaka Jumapili jioni, mama ni wangu. Na leo pia, we lala. Hao kuku nitarudi nao nikawafungie kama ulivyosema."

Mshonaji alifurahi, ila furaha ilimkuta amechoka mno. Alijinyoosha mkekani kando ya kitanda, na kabla dada hajamaliza kufuta machozi, akawa amelala fofofo.

Saa mbili zilipotimia, dada alimgeuza mama peke yake bila kumwamsha mtu. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye shuka. Hakika, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, kwa asiyewahi kujitwika.