Jembe la Bi Tausi na Mti wa Mpira

Sogeeni, na anayetafuna ameze kwanza, maana nikimaliza mtagombana na sitaki mtu apaliwe.

Bi Tausi alikuwa na watoto watatu. Mfaume, mkubwa wao, alikuwa na macho: kazi yake maabara, kusoma vinasaba, zile alama ambazo kila kiumbe hurithi kwa wazazi wake. Somoe alikuwa na mikono. Uzi hata ujisokote vipi aliufungua bila kuukata. Pazi, kitinda mimba, alikuwa na ukaidi. Akisema hapana, basi nenda kalale.

Shamba la mama yao lilikuwa moja, na katika ukoo wao shamba halikatwi vipande. Anayekabidhiwa jembe ndiye mwenye shamba. Somoe alikuwa ameachwa na mumewe, ana wanawe wawili, hana pengine pa kupanda hata mchicha. Akilitazama jembe lile, roho ilimuuma.

Kisha ugonjwa wa batobato ukaingia. Majani ya muhogo yakajikunja, mizizi ikawa nyuzi. Mnajua muhogo hatupandi mbegu; tunakata shina, tunachomeka. Jirani kaazima kwa jirani tangu enzi za mababu, kwa hiyo kijiji kizima kilikuwa kinapanda mche uleule mmoja. Ukiugua mmoja, umeugua wote. Na watu, kwa wema wao, wakazidi kuazimana mashina yenye ugonjwa! Mchuma janga hula na wa kwao. Njaa ikabisha hodi.

Bi Tausi, maradhi yamemlaza, akasema kitandani, "Atakayenirudishia muhogo, jembe lake."

Mfaume akapima majani ya kila kilichoota shambani. "Ule mti wa mpira wa mpakani ni ndugu wa muhogo," akasema. "Babu yao mmoja. Waliachana zamani mno, kila mmoja akabadilika kivyake. Mpira una kinasaba cha kinga, muhogo hauna."

Mti wenyewe ulikuwa umebaki mmoja tu. Mwaka uliotangulia wachoma mkaa walikuja na mashoka, Pazi akaukumbatia. Walimpiga hata jino likamtoka, hakuachia. Habari za kinga hakuwa nazo, masikini. "Baba alinifungia bembea hapa," alisema, basi.

Somoe akachukua chavua, ule unga wa ua la kiume la mpira, akaipaka kwenye ua la kike la muhogo, akalifunga kitambaa nyuki wasije wakamharibia. Mche wa kwanza uliotoka kwenye mbegu yake haukuugua, lakini mizizi yake ilikuwa migumu na michungu, nguruwe mwenyewe angetema. Akauchanganya tena na muhogo, na miche iliyozaliwa nao tena na muhogo. Misimu ikapita, wanawe wakilalia uji mwepesi. Mwishowe akapata kitalu cha miche minono, na mmoja umedumaa. Akaushika ule mbovu aung'oe.

Simu ikalia. Mfaume alikuwa amemaliza kupima majani aliyotumiwa. "Usiuguse, Somoe! Huo uliodumaa ndio uliobeba kinga. Hiyo minono yote haina."

Somoe akauachia. Kweli, minono yote ikafa na batobato. Uliodumaa ukasimama, ukanawiri.

Siku ya kuung'oa, Bi Tausi alibebwa hadi shambani, jembe mapajani. Somoe akavuta. Muhogo mnene, mweupe pe! Mama akatafuna taratibu.

"Mtamu," akasema, machozi yakimlengalenga.

"Nisingeona mimi, mngeupata wapi?" akasema Mfaume.

"Na huo mti ungeuonea wapi, kaka, kama si jino langu?" akasema Pazi.

 Somoe akanyoosha tu mikono yake iliyochubuka. "Mama, mimi sina pa kwenda."

Jirani mmoja akadakia, "Kidole kimoja hakivunji chawa!"

"Chawa keshavunjwa," akajibu Bi Tausi. "Mimi natafuta kidole." Akalilaza jembe chini, katikati ya wanawe, akafumba macho. Hakuyafumbua tena.

Jembe liko palepale, na mvua za kupandia zinanyemelea. Msiniambie wagawane, shamba halikatwi. Msiniambie upewe mti, mti haulimi. Wala msimpe Somoe kwa huruma, maana mama hakusema atakayelia, alisema atakayerudisha muhogo.

Haya, ewe uliyekuwa unatafuna: inama uliokote. Unamkabidhi nani?