Sijambo ya Sultani Mwinyikai

Hapo zamani, mvi zilipokuwa bado zina heshima, alikuwako sultani akiitwa Mwinyikai, mwenye mali tele na mkono wa birika. Basi aliona wazee hawatoki mlangoni kwa tabibu wa mji, na dawa zote zatoka ghalani mwake, roho ikamuuma. Akatoa amri: mzee atakaye dawa naye achangie, aje na kuku.

Mwanzo wazee walikuja na kuku wao. Kisha wakapungua, hata kizingiti cha tabibu kikaota nyasi. Sultani akamtuma waziri awajulie hali nyumba kwa nyumba. Waziri akauliza hamjambo, na wazee, kama walivyolelewa, wakajibu hatujambo. Basi akarudi mbio na habari njema, kwamba kuku wameuponya mji!

Kumbe Bi Kazija, bibi aliyemlea mjukuu wake Pandu, alimjibu waziri sijambo huku akifunika kwa kanga mguu wenye kidonda kibichi. Kuku hana. Pandu mwenyewe alikuwa fukara asiye na hata unyoya, ila ulimi anao. Akaenda barazani kumlilia Sultani aondoe kuku, maana kidonda kile kikiachwa kitaondoka na bibi yake.

Sultani akacheka. "Niletee mzee mmoja aseme kwa kinywa chake kwamba ni mgonjwa, nami nitaondoa kuku. Ama asemaye hajambo, asimsumbue tabibu. Ndiyo sheria."

Pandu akauzunguka mji. Loo! Huyu akohoa mpaka ashike ukuta, hajambo. Yule hauoni mkono wake mwenyewe, hajambo, alhamdulillahi. Hata Bi Kazija alimkemea, kwamba mtu mzima haanzi kulia shida mlangoni. Pandu akarudi amekasirika kwelikweli.

Ikawa asubuhi moja Sultani, naye mvi zimemjaa, akaamka jino limemvimbisha shavu kama andazi. Tabibu akaitwa. Pandu akamtangulia, akainama mbele ya baraza zima.

"Hujambo, Maulana?"

"Sijambo," akajibu Sultani kwa mazoea, mkono shavuni.

Basi Pandu akamgeukia tabibu, akamwambia arudi na mkoba wake, kwani Maulana hajambo na sheria ni sheria. Tabibu, mtu mwoga, akageuka kweli.

"Rudi!" akalia Sultani. "Mimi ni mzee, sikulala, ni mgonjwa mimi!"

"Maulana," akasema Pandu, "mzee uliyemtaka ndiye huyo, na amesema kwa kinywa chake. Kuku wake yuko wapi?"

Waziri akatazama vidole vya miguu yake. Sultani akataka kughadhibika, jino likamkataza. Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, machozi yakimtoka, na aibu imemjaa. Akaamuru kuku waondolewe, na tabibu akimaliza jino aende moja kwa moja kwa Bi Kazija.

Tabibu akapiga hodi, akaamkia, akauliza, "Hujambo, bibi?"

"Sijambo, baba."

Tabibu hakumsikiliza. Akapiga magoti, akaifunua kanga.