Khuzaima na Konde Aliloliita Maiti

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika bonde moja la Yemeni aliishi mja mwema aliyeitwa Khuzaima bin Wahbi. Huyu alijaaliwa elimu ya udongo. Akiutia kidogo ulimini alijua chumvi yake, akiufinyanga kiganjani alijua utashika maji kiasi gani. Watu hawakupanda mtende wala kununua konde kabla ya kumwita, na neno lake mbele ya Kadhi lilikuwa ushahidi tosha.

Siku moja alijiwa na Bi Lubaba, mjane aliyesimamia konde la wakfu la mayatima. Mwezi uliotangulia Khuzaima alikuwa ameshuhudia kwamba konde lile limekufa kwa chumvi. Kwa ushahidi huo Kadhi alikuwa karibu kuridhia liuzwe kwa wafyatua matofali, na udongo ukishaingia tanuri haurudi tena kuwa shamba.

Bi Lubaba akatoa salamu, akasema, "Sheikh wangu, sikuja kukulaumu. Nina swali moja tu. Siku ile ulichimba kina gani?"

Khuzaima aliikumbuka siku ile vizuri. Alikuwa amealikwa karamu ya harusi, na jua lilikuwa limepanda. Alikwangua ule weupe wa chumvi uliotanda juu, akaonja, akatema, akaenda zake.

"Shibiri moja," akajibu.

"Mimi nimechimba dhiraa mbili nikitafuta maji ya mbuzi. Tafadhali njoo utazame."

Akaenda. Chini ya ule weupe alikuta tabaka gumu kama sakafu, jembe likawa linalia juu yake. Alipolivunja, chini yake ulikuwapo udongo mweusi wa mafuriko ya kale, una ubaridi. Akaufinyanga, ukashikana. Akaubonyeza, ukafumuka taratibu. Akauonja, hauna chumvi. Hapo akafahamu kwamba maji ya kumwagilia yalikuwa yakikwama juu ya tabaka lile, jua likayanyonya, chumvi ikabaki. Ardhi haikuwa maiti. Ilikuwa imezibwa pumzi.

Akaketi ukingoni mwa shimo, na nafsi ikaanza kumshawishi: anayejua ni mjane mmoja tu. Neno lako likianguka leo, nani atakuita kesho? Naye alikuwa mtu wa miaka sitini, hana kazi nyingine aijuayo. Akakaa hapo hadi ikaadhiniwa alasiri. Akatawadha, akaswali na jamaa msikitini, na watu walipomaliza akasimama mbele ya Kadhi.

"Ewe Kadhi, nilishuhudia juu ya shibiri moja, nikasema ni konde zima. Nilikosea, nami naufuta ushahidi wangu."

Kadhi akamwuliza, "Unajua neno hili litakugharimu nini?"

"Najua. Lakini kuulizwa hapa ni kwepesi kuliko kuulizwa huko tuendako."

Kadhi akampa misimu miwili. Shayiri ikiota na kuzaa, wakfu utabaki. Isipozaa, konde litauzwa.

Tangu siku hiyo hakuna aliyebisha hodi kwa Khuzaima kumwita shambani mwake. Yeye akashika jembe pamoja na Bi Lubaba na mayatima waliokwisha kupata nguvu, wakavunja lile tabaka, wakatia samadi, wakangoja mafuriko ya bonde yaioshe ile chumvi. Msimu wa kwanza shayiri ikaota, ikafika magotini, kisha ikageuka manjano. Wafyatua matofali wakaja na kamba kupima eneo.

"Labda nilisema kweli mara ya kwanza," Khuzaima akasema kwa huzuni.

Bi Lubaba akamwambia, "Kabla hujakata tamaa, Sheikh, linganisha. Huku juu shayiri imenyauka majani. Kule mteremkoni imekufa kabisa. Kwa nini?"

Akateremka kutazama. Kule chini weupe ulikuwa umerudi mzito, kwa kuwa maji yaliyoosha chumvi hayakuwa na pa kutokea. Basi kiangazi chote wakachimba mtaro mpaka kwenye mkondo wa bonde, wakivunja mawe, wakisubiri kwa dua.

Mafuriko ya pili yakaja. Maji yakalifunika konde, yakazama, kisha yakaanza kutiririka mwisho wa mtaro. Khuzaima akapiga magoti, akayakinga kwa kiganja, akayaonja. Yalikuwa machungu kwa chumvi. Akamgeukia Bi Lubaba huku akicheka na machozi yakimtoka.

"Inatoka," akasema. "Alhamdulillahi, inatoka."

Mwaka ule shayiri ilisimama hadi kiunoni, masuke yamelala kwa uzito. Mji mzima ukaja na mundu, na takbira zikasikika ng'ambo ya bonde. Kadhi naye akaja, akapukusa suke kiganjani, akatafuna punje, kisha akautangaza wakfu kuwa hauuzwi.

Halafu akamwambia Khuzaima mbele ya watu, "Wenye makonde wananiuliza kama bado naukubali ushahidi wako. Nimewajibu kwamba zamani niliukubali kwa elimu yako. Leo naukubali kwa kuwa nimekuona ukishuhudia dhidi ya nafsi yako."

Na inasemekana mwaka huo aliitwa hata na watu wa mabonde ya mbali.

Ndugu zangu, wengi wetu tunayajua makosa yetu, tunachoogopa ni macho ya watu. Khuzaima aliyaogopa pia, lakini alisimama. Nasi Mola atujaalie miguu ya kusimama.