Sange Aliyeishi kwa Fisi

Sogeeni karibu, wanangu. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na miji na mabaraza yao, aliishi Sange, kanyama kadogo kama panya, pua ndefu, masikio mapana, miguu myepesi kuliko upepo.

Siku moja Bwana Nyati, mkuu wa mji, alimwita faragha.

"Sange, nenda ukakae na Fisi ng'ambo ya mto. Jifanye umetukimbia. Wapikie, wasikilize. Siri hii ni yangu na yako."

"Na mama yangu je?"

"Hata mama yako asijue."

Sange akaenda. Miaka saba aliwapikia Fisi supu ya mifupa. Kila alichosikia kilimfikia Bwana Nyati kimyakimya. Lakini Sange akienda mtoni kuteka maji, jirani zake wa zamani walitema mate na kugeuza nyuso. Hakuwa na hata mmoja wa kumwambia, "Leo nimechoka."

Asubuhi moja Fisi Mkuu akanguruma, "Leo adhuhuri, Nyati wakisinzia, tunakwenda kula ndama! Sange, mji ule unaujua. Ndama wanalala wapi?"

Lo! Moyo wa Sange ukapiga pu! pu! pu! Angetorokaje kwenda kutoa habari, na Fisi wamemzunguka?

"Nyuma ya matete," akajibu. "Kuna njia ya mkato. Nifuateni!"

Wakavuka mto, lakini nyuma ya matete hapakuwa na ndama. Palikuwa na tope. Sange akapita juu yake chapuchapu. Fisi wakamfuata: chubwi! chubwi! Wakazama hadi vifuani.

"Mama wee! Tunakufa!"

Mji mzima ukaamka. Nyati wakaja mbio, pembe mbele.

"Fisi! Na yule msaliti ndiye kawaongoza!"

Mama Sange naye alikuja. Akaokota jiwe, akarusha. Pa! Likampasua mwanawe shavu.

"Sina mtoto mimi!" akalia.

Bwana Nyati akafungua kinywa aseme. Sange akamtazama, akatikisa kichwa kidogo tu. Fisi walikuwa wakiona. Bwana Nyati akafumba kinywa, akainama.

Fisi waliojikwamua wakatoka mbio, Sange pamoja nao. Walipovuka mto, mmoja akamkaba.

"Huyu ndiye katutia topeni!"

"Mwache!" akafoka Fisi Mkuu. "Huna macho? Mama yake mzazi kampiga jiwe. Angekuwa mwenzao, wangemfanyia hivyo? Huyu ni wetu."

Sange akaenda kando, akaketi, akafuta damu. Ng'ambo kule vigelegele vikapaa, maana ndama wote walikuwa wazima. Kati ya sauti zote hizo aliitambua ya mama yake. Akaisikiliza mpaka ikanyamaza.

Basi, wanangu, msimhukumu mtu kwa kumwona anakula na nani.