Waziri Aliyeishi kwa Ujira wa Mfumaji

Katika zama ambazo njia zilipimwa kwa mwendo wa ngamia, mji wa Darifalaki ulitawaliwa na Sultani Mughira bin Tahamtani, na kasri lake lilivikwa mazulia yaliyofumwa na wafumaji mia mbili, na kila mmoja wao akilipwa dirhamu sita kwa wiki, na miongoni mwao alikuwamo binti mmoja, Shufaa binti Kirami, aliyekuwa hodari wa vidole na hodari zaidi wa ulimi.

Siku moja barazani Waziri Jauhari akasimama, akatoa hati ndefu, akasema, "Ewe maulana, nimelinganisha mji wetu na Nuhasi, mji wa nchi jirani. Uturi huko ni dinari tatu, kwetu moja. Farasi huko ni dinari mia, kwetu thelathini. Tausi, usiseme! Maisha ya hapa ni theluthi ya maisha ya huko. Basi ujira wa wafumaji ushuke hadi dirhamu nne, na hakuna atakayeona tofauti."

Shufaa, aliyekuwa akitandika zulia jipya chini ya kiti cha enzi, alihisi damu ikimpanda hadi masikioni. Mama yake alikuwa kitandani, na hizo dirhamu mbili ndizo zilizokuwa dawa yake. Akainuka.

"Mheshimiwa Waziri, niwie radhi. Katika sisi mia mbili, ulimwona nani akinunua tausi?"

Baraza likaangua kicheko, na aliyecheka zaidi ni Lutufi, mwana wa Sultani.

"Na unga je?" akaendelea. "Na maji? Na kodi ya chumba? Hati yako inasemaje?"

"Waziri haulizi bei ya unga," akajibu Jauhari, ameibetua midomo.

Sultani akainua mkono. "Binti, una siku saba ulete ushahidi. Ukishindwa, ujira utashuka na wewe utahama mji huu."

Shufaa akarudi karakanani, akakaa mbele ya mtambo wake wa kufumia, na hasira zikamzidi, akaupiga ngumi mhimili wake. Papo hapo moshi wa buluu ukatoka ndani ya mhimili, na ndani yake jini mwenye ndevu kama mafundo ya uzi.

"Labeka! Mimi ni Kasirani, nimefungwa humu nimtumikie mfumaji aliyepunjwa. Nitabeba utakachotaka, popote duniani."

"Aliyepunjwa? Sote tumepunjwa tangu enzi za bibi zetu! Mbona hukutoka?"

"Walikuwa wakilia, bibie. Mimi kilio hakinitoi. Hunitoa kipigo."

Kesho yake Shufaa akaingia barazani na jini nyuma yake, na walinzi wakajificha nyuma ya nguzo. "Maulana, ushahidi wangu ni Waziri mwenyewe. Jini ampeleke Nuhasi siku tatu na kisha mtaa wetu siku tatu, na kila mahali afume na aishi kwa nusu ya ujira wa wiki wa mfumaji wa mji huo, asiongezewe hata nukta."

"Haya ni matusi!" akapiga kelele Waziri.

"Kama maisha yetu ni nafuu hivyo," akasema Sultani, "utakuwa umepumzika."

Jini akambeba kama furushi. Siku ya tatu akamrudisha kutoka Nuhasi, naye alikuwa amelipwa dirhamu sita, nusu ya ujira wa wiki wa huko, na baada ya chumba, unga na kuni, maji yakiwa ya bure kisimani, mbili zilikuwa bado mfukoni na samaki wa kuchoma mkononi. Kisha akamtua mtaa wa wafumaji na dirhamu tatu. Mwenye nyumba akachukua moja na nusu, unga ukala moja, mchota maji akachukua nusu iliyobaki. Kuni hakupata. Asubuhi ya siku ya tatu Shufaa alimkuta amejibanza nyuma ya mtambo, akilamba uji unaopakwa nyuzi ili zikazane.

"Huo ni wa uzi, Waziri, si wa watu."

"Najua," akasema Jauhari, na machozi yakamlengalenga. "Nipeleke nikaseme."

Akasema mbele ya wote, bila hati: "Maulana, Nuhasi uturi ni ghali na watu wanashiba. Hapa uturi ni rahisi na watu wana njaa."

Sultani akaamuru ujira upande hadi dirhamu tisa, na baraza likashangilia, lakini Shufaa hakuketi. "Maulana, amri ya leo hufutwa na amri ya kesho."

Hapo Lutufi akapiga goti. "Baba, niposee huyu."

Shufaa akamtazama, akawaza. Huyu alicheka kabla baba yake hajaruhusu kucheka. "Nitakubali, bwana, kwa mahari yangu mwenyewe. Kila mwezi ukiandama, bei ya unga, maji, kuni na chumba ipimwe, na ujira wa mfumaji uvitoshe vyote na ubakishe theluthi. Mahari ni haki ya mwanamke, na hakuna sultani awezaye kuigusa."

Kadhi akaitazama dari, akakitazama kitabu, akasema, "Ni kweli, maulana. Haiguswi."

Ndoa ikafungwa, na mama wa bibi harusi akapona akahamia kasri, na hazina ikamfungulia Shufaa milango yake, na wafumaji wakala wakashiba kizazi kwa kizazi, kwa sababu ujira wao haukuwa tena hisani ya mtu. Nawe msikilizaji, ukiambiwa maisha ya mji fulani ni nafuu, uliza kwanza ni nafuu kwa nani, na usiketi mpaka ujibiwe.